Mnunuzi Amekimbia Ndizi

Amukura, 9 Novemba 1976

Mdogo wangu Petronilla,

Habari ya Nakuru? Huku tunacheka tu. Kuku ya jirani Mildred imetaga kwa kofia ya katekista!

Ile nyumba ya matofali, babu ya marehemu bwanangu alijenga, bado inauzwa. Baba mkwe alisema ikiuzwa, niko huru kurudi kwetu. Ikifika Krismasi bado, shemeji Oluka atanirithi pamoja nayo.

Jana Mutua wa malori alikuja, akapenda mpaka milango. Nikampa ndizi, na mdomo wangu huu! "Boss, hizo ni tamu sababu babu amezikwa chini ya mgomba huo." Akatema, akaenda.

Leo Oluka ameleta kitanda chake.

Jumamosi kuna mnunuzi mwingine. Njoo uongee wewe, mimi unifungie jikoni.

Dadako, Akiror