Masikio ya Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakujulia hali wewe na Mama, pamoja na hilo goti lako linalotabiri mvua kuliko redio. Mimi sijambo, na wajukuu zako hawajambo. Mkubwa ameota ndevu tatu na anazinyoa kila asubuhi. Mimi nina kidole gumba tu nilichokibana kwenye boneti juzi. Usicheke.

Barua ya Mama nimeipata. Anasema jirani alikuletea gari lake uisikilize injini, ukamjibu kuwa wewe ni kiziwi, atafute fundi mwingine. Anasema pia daktari amekupima masikio mara mbili na kuyakuta mazima, nawe ukamwambia vyombo vyake ndivyo vibovu. Hapo nilicheka peke yangu. Kisha nikakaa kwenye ngazi ya gereji nikalia, na sababu nitakueleza, ila niache nifike taratibu.

Naukumbuka sana ule ua wetu wa nyuma, Baba. Turubai la kijani lililotoboka, ukuta ulioandikwa kwa chaki zamu za magari, na mimi niliyekataa cherehani ya shangazi nikiwa ndani ya ovaroli lako, mikono imekunjwa mara nne. Uliniita Kumi kwa kuwa spana namba kumi ikipotea, lazima iwe mfukoni mwangu. Mafundi wa huku nao wananiita hivyo, wala hawajui jina limetoka wapi. Naikumbuka zaidi ile bisibisi yako ya mpini wa mbao. Ulikuwa unaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, unafumba macho, na wateja wote wananyamaza. Ukifumbua, unataja ugonjwa, na hukuwa unakosea. Nimefanya kazi na mafundi wengi tangu hapo na sijaona mwingine wa hivyo.

Halafu likaja gari la mkunga, la kwanza uani kwetu kuwa na sensa inayosikiliza injini. Ulituita mimi na Mama tuje kuiona: kidude cha duara chenye tundu katikati, kimefungwa kwa boliti moja ubavuni mwa injini. Ulitueleza kwamba ndani yake kuna kijiwe ambacho kikitikiswa hutoa umeme kidogo. Mafuta yakilipuka ovyo badala ya kungoja zamu yake, injini hugonga. Kijiwe kinasikia, kinaiarifu kompyuta, nayo inachelewesha cheche kidogo mpaka injini itulie. Mama akauliza kama basi wewe utakosa kazi. Ukasema waliotengeneza gari hilo wamekuibia sikio tu, akili bado unayo.

Siku ile ulibadilisha waya wake uliokatika, ukaniachia mimi niirudishe sensa mahali pake, ukaenda kunawa. Uliporudi uliwasha injini, ukaisikiliza kwa bisibisi, ukamwambia mkunga kuwa ni safi kama sahani. Wiki mbili baadaye gari lilikufa mlimani likiwa na watu na mizigo, pistoni imetoboka. Mkunga alimalizia safari kwa miguu, akakuta mtoto amekwisha kuzaliwa. Tunashukuru mama na mtoto walikuwa salama. Lakini wewe ulisimama mbele yake na mbele ya wateja, ukasema masikio yako yamemdanganya. Yeye alikwambia chuma ni chuma tu. Hukumsikiliza. Uliitundika bisibisi msumarini, na kwa maelezo ya Mama ipo hapo hapo hadi leo.

Baba, masikio yako hayakukosea. Mficha uchi hazai, nami nimeficha miaka kumi na saba.

Ulinifundisha kuwa boliti haiachwi bila washa, kile kipete bapa cha chuma. Basi na mimi, kwa utiifu wangu, niliweka washa chini ya sensa, kati yake na injini. Gari lilipovutwa kutoka mlimani hadi uani, kesho yake ulipokuwa umejifungia chumbani, niliifungua injini peke yangu nikaikuta. Katika kitabu cha gari, kilichokuwa chini ya kiti, kulikuwa na mchoro: sensa ikae moja kwa moja juu ya chuma kitupu, bila kutu, bila rangi, bila washa, na ikazwe kwa spana ya kupimia mkazo. Ile washa iliizibia sauti. Tena injini ya namna ile hugonga ikibeba mzigo mlimani. Pale uani ilikuwa inaunguruma tupu, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kusikia. Ulisema kweli. Niliitia washa mfukoni nikarudisha kitabu chini ya kiti.

Mwanzo nilinyamaza kwa woga. Baadaye ilikuwa aibu, maana ulianza kuwaambia watu kuwa binti yako anakushinda ufundi, na kila uliponisifu mdomo ulizidi kuwa mzito. Siku hizi kila nikifunga sensa kama ile nasugua mahali pake mpaka pang'ae, nakagua waya kama haujaungua, nakaza kwa kipimo. Wenzangu wananitania kwamba naogesha mtoto mchanga. Mimi naona aibu tu.

Mkunga nitamwandikia pia. Wewe sikuombi unisamehe upesi, kasirika kadiri utakavyo. Washa yenyewe nimeifunga kwenye karatasi, imo ndani ya bahasha hii. Ishike mkononi uamini. Kisha ishushe bisibisi msumarini uende kwa jirani, halafu uniandikie gari lake linaumwa nini.

Msalimie sana Mama, mwambie nakuja shule zikifungwa.

Ni mimi binti yako,
Kumi