Bangili Uliyoivua kwa Ajili ya Udhu

Mamangu mpendwa,

Nakuandikia mambo ambayo ungekuwa hai tungeyasema jikoni, wewe ukichagua mchele na kunikatiza kila neno. Tangu tukuzike nimekuwa na shaka moja iliyoninyima usingizi, na unajua shaka nimeirithi kwa nani. Wewe ndiye uliyekuwa ukinunua maziwa kwa muuzaji yule yule miaka nenda miaka rudi, na kila asubuhi uyanuse mbele yake kabla hujamlipa. Fundi akikushonea buibui, masalio ya kitambaa uyadai mpaka kipande cha kufutia miwani. Majirani zetu wa Mji wa Kale walikutania kwamba hata kivuli chako ulikigeukia kukitazama.

Kwa hiyo siku walipokufunga ile bangili ya plastiki hospitalini, nilijua vita vimeanza.

Aliyekufunga ni Sista Kadzo, yule muuguzi wa Kigiriama mwenye msalaba mdogo shingoni. Alikueleza taratibu: ndani ya plastiki mna chipu ndogo, milangoni na kwenye vitanda kuna vyombo vya kunasa mawimbi yake ya redio, na kompyuta ya wodi yaonyesha kila mgonjwa yuko wapi. Viti vya magurudumu vimebandikwa chipu, mashine za dripu zimebandikwa, na wauguzi wenyewe wana chipu ndani ya beji zao.

"Na hiki chasikia nisemayo?" ukamuuliza.

"Hapana, mama. Chajua tu uko wapi."

"Mungu yuwajua niko wapi. Yatosha." Kisha ukanigeukia mimi: "Mwanasiti, kikulacho ki nguoni mwako. Hiki ki mkononi kabisa."

Nilicheka, lakini nilikuwa upande wako. Nimeona makontena ya bandari ya Kilindini yakibandikwa namba ili yasipotee, na mtu si kontena. Nilitaka kujua ni nani anayekaa mbele ya skrini ile, na ukisharuhusiwa kwenda nyumbani, nani anabaki na habari za kwamba mamangu alikwenda choo saa ngapi na akakaa huko muda gani. Nilijibiwa kwa tabasamu, nami sijawahi kuridhika na tabasamu.

Faida yake niliiona, sikatai. Ulipotakiwa kupigwa picha ya kifua, kiti cha magurudumu kilipatikana papo hapo. Marehemu baba alipolazwa zamani tulizunguka wodi kwa wodi kutafuta kiti, mwisho tukamkokota wenyewe. Na siku moja muuguzi mgeni alikuletea vidonge, akasogeza kimashine chake kwenye bangili, kikalia. Kumbe vilikuwa vya mama wa kitanda cha pili. Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nikauliza, na siku umeme ukikatika je?

Lakini kwako wewe tatizo lilikuwa udhu. "Maji hayafiki," ukasema. "Swala yangu siibahatishi kwa plastiki." Mkono ulikuwa umekonda, basi sabuni kidogo tu na bangili iliteleza ikatoka. Siku moja uliitundika kwenye mkono wa chupa ya chai aliyotuletea mdogo wako, Khalti Zuhura, ukaswali kwa kukaa juu ya kitanda. Khalti alipoaga alibeba chupa yake akaenda zake. Mlango wa wodi ukapiga kelele, na askari akamzuia.

"Mama, rudi kitandani. Hujaruhusiwa kutoka."

Khalti, na mwili ule aliojaaliwa, akasimama mikono kiunoni. "Mwanangu, mimi nimekuja kuzuru mgonjwa. Mbona wanitia ugonjwa?"

Askari akaitazama skrini, akamtazama Khalti, akaiamini skrini. Mpaka Kadzo alipofika mbio na kuiona bangili ikining'inia kwenye chupa. Wodi nzima ilicheka, na wewe pia, katikati ya tasbihi zako.

Mimi kicheko changu kilikwisha mapema. Nilikuwa nimeona jambo: mashine ile haijui mtu aliko, yajua plastiki iliko. Tangu hapo nikaanza kuzitazama beji za wauguzi. Mchana mmoja niliiona beji imetundikwa kwenye toroli la dawa, na mwenyewe yuko nje anakula viazi karai. Kwenye kompyuta, bila shaka, alikuwa wodini anahudumia wagonjwa.

Ijumaa ile wageni walipotolewa baada ya chakula cha mchana, nilikwenda nyumbani kukuletea kanga safi. Niliporudi nilikuta pazia limevutwa.

Sikuuliza kwa nini umekufa. Siku zikifika hakuna wa kuzirudisha. Niliuliza kimoja tu: ulikuwa na nani? Wewe uliyeogopa upweke kuliko maradhi, uliyekataa hata kujinyoosha adhuhuri kama nyumba ni tupu. Msimamizi wa wodi, bibi mmoja mwenye sauti ya upole, alinionyesha kwenye skrini. Alama ya Kadzo ilikuwa kando ya kitanda chako tangu nilipoondoka mpaka mwisho.

"Hakuwa peke yake," akaniambia. "Tazama, inaonyesha."

"Yaonyesha beji," nikasema. "Kadzo mwenyewe alikuwa wapi?"

Akanionyesha alama ile ile tena. Kesho yake nilipomtafuta Kadzo, alikuwa ameshaanza likizo, amekwenda kwao Kaloleni. Likizo imekuja kwa wakati wake, nikasema moyoni.

Matangani watu waliniambia nimwachie Mungu. Wewe nilimwachia, ila shaka nilibaki nayo. Wanawake wakisoma Yasini, mimi naona kitu kimoja tu: wewe unaita, na beji inaning'inia kwenye chuma cha kitanda. Niliumia, mama. Niliumia kuliko siku yenyewe ya kukuzika.

Kadzo aliporudi kazini nilikuwa langoni namsubiri. Alinipa pole, akanyoosha mkono. Niliushika ncha za vidole tu, nikamuuliza mamangu alisema nini siku ile. Nilikuwa namtega. Mwongo angeniambia ulitamka maneno mazito ya mtu anayeaga dunia, akijua ndiyo ningependa kuyasikia.

"Hakusema mengi, dadangu," akaniambia. "Alinishika mkono akaniita Mwanasiti. Nilitaka kumwambia mimi siye, lakini nikaona anahangaika. Nikaitika labeka, kama nilivyokusikia wewe ukimwitika. Akaniuliza, 'Umefunga mlango wa uani?'"

Mama, swali hilo hukupata kumuuliza mtu mwingine. Tangu nilipopata urefu wa kulifikia komeo, kila magharibi uliniuliza mimi, na usingetulia mpaka nikujibu, hata kama umeniona kwa macho yako nikifunga. Khalti halijui. Wala hakuna chombo cha hospitali kilichowahi kulinasa.

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nikamwambia, nimefunga, mama. Ndipo akatulia. Nilikaa naye mpaka mwisho."

Nililia pale langoni, watu wakipita. Nakwambia kweli, kwanza nilimwonea wivu, maana jibu lile lilikuwa langu mimi kulisema. Kisha nikamkumbatia, na yeye akalia. Skrini ile bado siiamini, na usitarajie nitaiamini.

Basi pumzika, mamangu. Mwenyezi Mungu akunawirishie kaburi lako na asikuache peke yako humo. Leo adhana ya magharibi ilipokwisha nilisimama uani na komeo mkononi, nikingoja kuulizwa. Nikajibu hivyo hivyo, kwa sauti, mpaka jirani akachungulia dirishani: nimefunga, mama.

Mwanao,
Mwanasiti