Wasifu wa Mama Ireri na Mashine Iliyogoma

Jumatatu, 10 Novemba

Nimerudi kutoka Mitunguu kwa dada, bega linauma kwa kubeba ndizi. Nimefungua duka langu la kuchapa, nimepangusa vumbi la malori ya mchanga, nimewasha soketi, nimewasha kompyuta. Feni imezunguka. Halafu skrini nyeusi na mstari mmoja wa Kiingereza: hakuna diski ya kuanzia. Ile orodha ya kila asubuhi, nichague Windows au Linux, haikuja. Nimezima, nimewasha. Nyeusi. Nimeipiga kofi ubavuni. Nyeusi.

Wateja wa kwanza nimewaondoa kwa upole. Waliofuata, bila upole.

Jioni Igoki wa kwa Mama Ireri ameingia, macho yamevimba. Mama Ireri ameaga dunia. Mazishi ni Ijumaa. Nimekaa chini. Nilimpenda yule mama, pamoja na mdomo wake.

Igoki alipoondoka ndipo nikakumbuka. Wasifu wa Mama Ireri, wa kusomwa mazishini, umo ndani ya hii mashine. Nimeiwasha tena. Nyeusi.

Jumanne, 11 Novemba

Niandike yote, labda nitatulia. Mwezi wa saba Mama Ireri alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha wateja, akanisimulia wasifu wake kwa Kimbeere, nami nikauandika kwa Kiswahili. Hakutaka kutungiwa. "Watasema nilikuwa mpole," alisema. "Mimi sikuwa mpole. Andika hivyo." Lakini kuuchapisha alikataa. Karatasi ya namna hiyo hailali kwa mtu aliye hai, ni kuita kifo. Hata mimi naamini hivyo. Basi nikauhifadhi upande wa Linux, ninakoweka kazi za maana. Upande wa Windows wateja wameujaza virusi kwa flashi zao. Nakala nyingine hakuna.

Na kilichomleta ni mstari mmoja. Ameacha watoto watatu: Ireri, Njagi na Igoki. Igoki hakumzaa. Alimchukua angali mchanga, mama yake, jirani aliyechoma makaa, alipofariki. Sasa Ireri, kifungua mimba, ameandika wasifu mwingine kwenye mkutano wa mazishi. Watoto wawili. Igoki yuko chini kabisa, kwa marafiki na majirani.

Nimeenda kumweleza Ireri. Amenisikiliza kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo imeniumiza. "Auntie, hayo ni maneno ya familia. Kama Mama aliandika, si ulete tuone?" Si mtu mbaya. Hajalala, anatafuta viti, anatafuta sufuria, anapigiwa simu na kila mtu. Lakini nimemkasirikia njia nzima.

Igoki amenisindikiza hadi barabarani. Ameuliza kitu kimoja tu. "Auntie, Ijumaa nitakaa wapi? Na watoto ama na majirani?"

Nimevuka barabara haraka.

Jumatano, 12 Novemba

Duka nimelifunga nusu. Nimeingia kwenye mipangilio ya ndani, ile skrini ya buluu unayoipata ukibonyeza kitufe kabla mashine haijaamka vizuri. Nimebadilisha hiki, nimebadilisha kile. Mpangilio wa diski. Njia ya kuamkia. Saa. Tarehe pia, maana ilisema ni mwaka ambao sikuwa hata na duka. Nimepita humo kama mbuzi kwenye shamba la ndengu, na sikuandika popote nilichogusa.

Alasiri orodha ikatokea. Windows. Linux. Nimepiga kigelegele peke yangu hadi mchinjaji wa jirani akaja kuchungulia. Nimechagua Linux. Nembo ikaanza kuzunguka.

Radi ikapiga upande wa Kiambere. Moja tu. Mkono wangu ukaruka ukutani ukazima soketi kabla kichwa hakijaulizwa. Ndivyo tulivyolelewa hapa, mbingu ikinguruma kila kitu kinazimwa. Mchinjaji alichelewa mara moja tu na redio yake ikaungua.

Mvua ilipoisha nimewasha tena. Nyeusi. Mstari uleule wa Kiingereza.

Nimelia, na si kidogo. Kwa furaha ya alasiri nilikuwa nimeshampigia Igoki simu kwamba imepona. Imebidi nimpigie tena.

Alhamisi, 13 Novemba

Njeru amekuja kutoka Embu. Ndiye fundi aliyeniwekea hizo Windows na Linux, kijana mcheshi, mwepesi wa mkono. Ameitazama skrini, amekuna kidevu. "Madam, hii tupige window mpya tu. Before lunch uko kazini." Kupiga window mpya ni kufuta diski yote. Nimemwambia akithubutu nitamng'ata. Amecheka, kisha ameona mimi sicheki.

Nimemweleza kuhusu Mama Ireri. Ameweka bisibisi chini. Kumbe naye bibi yake alimlea.

Tumeanza upya, polepole. Jana iliamka. Baada ya hapo nikafanya nini? Nikazima ukutani. Na nilipokuwa Mitunguu? Ilizimwa ukutani siku zote hizo. Njeru akauliza tarehe inasomaje. Tukaangalia. Imerudi ule mwaka wa zamani.

Betri! Ndani ya kompyuta kuna kibetri cha duara, bapa kama sarafu, kinachotunza saa na mipangilio wakati stima haipo. Changu kimekesha peke yake miaka yote, kwa sababu mimi kila jioni nazima ukutani. Tokeni za stima zisiishe, radi isinipige. Nani hapa Kiritiri analala na soketi imewashwa? Nilidhani naitunza mashine, kumbe ndio naimaliza. Kibetri kikafa nikiwa kwa dada, mashine ikasahau ilivyopangwa, ikarudia njia ya zamani ya kuamka. Windows na Linux zote ziliwekwa kwa njia mpya, kwa hiyo haikuziona. Diski yenyewe haina neno.

Tungeweza kuipanga na kukimbia nayo hivyohivyo, lakini stima imepepesa tangu asubuhi, na kila ikipepesa mashine inasahau tena. Njeru hakubeba kibetri. Fundi wa saa sokoni ana vile vidogo tu. Nimetukana kwa Kimbeere, Mungu anisamehe.

Igoki alikuwa amesimama mlangoni. Ameuliza namba ya kibetri, ameondoka mbio. Amerudi na kipimo cha sukari cha Mama Ireri. Ni yeye aliyekuwa akimdunga kidole kila asubuhi, na Mama Ireri akimtukana kila asubuhi. Amekifungua kwa ukucha, akatoa kibetri, akakitazama kidogo. "Hakina kazi tena, Auntie." Namba ni ileile. Njeru amegeuka akajifanya anatafuta waya.

Safari hii tumegusa kitu kimoja tu, njia ya kuamkia. Orodha ikaja. Linux ikaja. Faili ikafunguka, na Mama Ireri yuko pale anasema hakuwa mpole. Nimeiweka kwenye flashi kabla sijavuta pumzi, kisha nikaichapisha.

Nimempelekea Ireri. Amesoma akiwa amesimama. Amefika pale mama yake anaposema kwamba kifungua mimba wake ni bahili kama baba yake, lakini atamzika vizuri. Amecheka. Halafu ameketi juu ya gunia la mchele, amefunika uso. "Ni yeye, Auntie. Huyu ni yeye kabisa." Mstari wa watoto ameusoma mara mbili, akakunja karatasi, akaitia mfukoni.

Ijumaa, 14 Novemba

Umesomwa. Ireri mwenyewe amesoma, neno kwa neno, na ubahili wake hakuuruka. Watu wamecheka pale kando ya kaburi, jambo ambalo mchungaji hakulitarajia. Watoto watatu. Majina yote ameyataja.

Walipoitwa watoto kutupa udongo, Igoki alibaki ameketi. Njagi ndiye aliyerudi akamshika mkono.

Nimechoka sana. Nalala.

Jumapili, 16 Novemba

Baada ya kanisa nimewapelekea majani ya chai na maziwa. Turubai zimeondolewa, uwanja ni mtupu. Nimewakuta Ireri na Igoki wanagombana karibu na zizi, nani ameliacha wazi mbuzi wakatoka. Ireri anafoka. Igoki anajibu, mkono kiunoni. Miaka yote nimemjua akimwitikia "sawa" na kutazama chini. Leo amemwambia mbuzi ni wa mama yao wote watatu, aende akawatafute mwenyewe.

Ireri ameenda.

Igoki ameniletea chai, bado amenuna. Imezidi majani na sukari haitoshi. Nimeinywa yote.