Pengo kwenye Nyundo

Izigo, 20 Agosti 1975

Baba Felicitas,

Hatujambo. Mwanao ameota jino la pili.

Mivule saba ya msitu wetu imekatwa. Mwenyekiti anatusingizia sisi tuliohamia kijijini, eti tunatafuta kuni. Kuni gani zinapakiwa kwenye lori kwenda Kemondo?

Nilikwenda kutazama. Kila kisiki kimegongwa alama ya kibali, kwa nyundo ya bwana misitu, na herufi ya mwisho ina pengo. Pengo hilo nililitia mimi, nilipovunja chumvi ya mawe kwa nyundo yako ya kazi ukanifokea. Nawe uliniandikia kwamba ilipotea huko Bukoba!

Alama zote nimezipaka matope, mtu mwingine asilitambue pengo. Mvua ya kwanza itayaosha. Fika kabla yake uniambie nani anayo nyundo hiyo, maana sitapaka tena.

Mkeo,
Kokushubila