Sisimizi wa Zongwe

Jumatatu, 5/6/2000
Mouna wangu amepewa kazi na Masera, mutawa wa misioni! Karatasi ya maswali ya ugonjwa wa sukari. Masera aliitoa kwao Uspania, akaigeuza Kifaransa — na nani kaitia mu Kiswahili? Mutoto wangu! Njo kuzaa huko, si kujaza nyumba.
Akaanza na mimi, majirani wanasikia. Unatembea kila siku? Tangu vita tunakimbia tu, nikajibu! Jirani Mama Rosalie akacheka mpaka machozi. Mu ukoo wenu kuna mwenye sukari? Hapana, nikasema, ukoo wetu safi kama samaki wa asubuhi.
Nikapata pointi mbili; nyingi njo hatari. Mouna mwenyewe, sufuri.
Mama yangu alikufa na sukari kule Zongwe. Mouna anajua ni malaria. Mimi njo nilimwambia vile.

Jumatano, 14/6
Waasi wamekataza muntu kutoka inje usiku. Mimi na Mouna tunakojolea ndoo moja mu nyumba. Leo asubuhi — sisimizi! Mustari muzima toka ukutani mpaka ndani ya ndoo.
Vile vile kwa mama. Kwanza sisimizi kufuata sukari ya mukojo, kisha kiu, kisha macho kufa. Nimemwaga, nimetia majivu kabla Mouna hajaamuka.

Jumatatu, 19/6
Mouna amerudia maswali yote. Masera anataka kuona kama muntu anajibu sawasawa mara mbili. Majibu yakigeuka, karatasi haifai. Mama Rosalie kageuza yote! Mara ya kwanza alikula mboga kila siku, leo hana hata jani — anadhani watagawa chakula.
Tukafika kwa ukoo. Mouna ananiangalia, kalamu tayari. Nikasema tena hapana.
— Mama, wewe njo wa kuaminika kuliko wote!
Vipimo vya damu ni kumi tu, vya wenye pointi nyingi.
Sisimizi wamerudi. Wananifuata mimi. Mama ananiita toka kaburini.

Alhamisi, 22/6
Siku mbili natumia kopo langu peke yangu, nijue kama ni mukojo wangu. Hakuna sisimizi hata mumoja! Nikamushukuru Mungu kwa sauti.
Kisha nikaangalia ndoo, aliyobaki nayo Mouna.

Ijumaa, 23/6
Mouna ametoka kwa Masera, kitenge kinamulegea kiunoni. Karatasi yake imesifiwa! Kesho wanapima wale kumi. Na wewe? nikauliza. Akacheka.
— Mimi sufuri, Mama! Ninyang'anye mugonjwa nafasi yake?
Yuko hapa mulangoni. Kikombe cha tatu. Anauliza naandika nini. Nimesema: njoo ukae, nikuambie habari ya koko yako, mama yangu wa Zongwe. Amekaa.
— Haya, Mama. Lakini kwanza niongezee maji.