Mshale Uliokwama Nusu

Jumatatu, 6 Juni 1994

Ukungu mpaka saa nne. Nimebadilisha plagi mbili, cheni moja. Wateja wa gereji yangu hapa Elerai wote wana haraka leo.

Mwalimu Mbise ameleta pikipiki. Anafundisha upande wa Momela, na kila akija mjini lazima apite msitu wa hifadhi. Geji ya mafuta imekufa tangu mwaka jana. Hupima kwa kijiti: anafungua tangi, anachovya, anasoma alama alizochonga kwa kisu. Koki yake iko rizevu, kwenye akiba, siku zote, kama zetu sote tunaonunua petroli kwa chupa. Mafuta yakiisha, yameisha. Nimemcheka. Nikamwambia mambo ya kijiti yamepitwa na wakati, biashara imefunguliwa, vipuri vimejaa madukani.

Jumanne, 7 Juni

Boya la geji, lile linaloelea juu ya petroli, limetoboka, limezama ndani ya tangi. Waya ni mzima, saa ya geji yenye mshale ni nzima. Boya la aina yake halipo. Maduka manne. Zamani ungeambiwa hakuna, ukaenda zako nyumbani. Siku hizi unaambiwa hili litaingia tu. Nimechukua la pikipiki nyingine. Mkono wake, chuma kinacholishika, ni mrefu mno. Nimeukunja kwa koleo ukaingia.

Jumatano, 8 Juni

Nimemwonyesha Mwalimu kama tunavyowaonyesha wateja wote. Boya nje ya tangi, swichi imewashwa, nanyanyua kwa kidole: mshale unapanda. Nashusha: unashuka. Amefurahi sana, mtu mzima na mvi zake. Nikalifunga ndani, akamimina petroli yake, mshale ukapanda ukasimama nusu. Nikaona inatosha.

Kijiti chake nimekivunja, nikakitia kwenye jiko la chai. Alicheka. Ila alikitazama mpaka kikaisha kuungua.

Jumamosi, 11 Juni

Mwalimu ameumizwa na nyati. Jana jioni pikipiki ilimzimikia katikati ya msitu, mahali ambapo hata mwenye gari hashuki. Alikuwa anaikokota. Askari wa hifadhi ndio waliomwokota. Yuko hospitali, tumbo limechanika.

Kila anayeniuliza namwambia ni plagi. Plagi yake ilikuwa imechoka, nilimwonya. Nimeshasema hivyo kwa watu watatu. Sikumwonya.

Jumapili, 12 Juni

Nimetoka kanisani moja kwa moja hospitali. Hatambui mtu. Mkewe, Mama Elifuraha, amekaa kwenye benchi na viatu vya mumewe mapajani.

Ameniambia: "Fundi, alipokuwa bado anaongea alirudia neno moja tu. Mshale ulikuwa nusu, mshale ulikuwa nusu. Ndiyo nini?"

Nikasema sijui, mama.

Mimi ni mwongo na mwoga.

Jumanne, 14 Juni

Amefariki alfajiri. Sikufungua gereji.

Ijumaa, 17 Juni

Tumemzika kwao, kando ya kahawa yake. Mvua ya manyunyu. Wanafunzi waliimba mpaka wakashindwa. Mimi nimebeba jeneza, kisha nikaitwa kula pamoja na wanafamilia, kwa kuwa nilikuwa mtu wake. Nilitamani mmoja wao anitukane.

Jumatatu, 20 Juni

Mama Elifuraha na shemeji yake wameleta pikipiki kwa pikapu. Wanataka itengenezwe, kule hawana usafiri mwingine.

Nikafungua tangi. Kavu kabisa. Nikawasha swichi. Nusu.

Nimemulika kwa tochi. Mkono wa boya, pale nilipoukunja, umeegemea ukuta wa ndani ambapo tangi lilibonyea zamani. Ulipanda na petroli, ukakwama, haukushuka tena. Nikagonga tangi kwa ngumi. Mshale ukaanguka sifuri. Ngumi moja tu.

Walikuwa wamesimama nyuma yangu. Nikawaeleza yote: koleo, kidole, kijiti nilichochoma. Nikasema kosa ni langu, si plagi.

Shemeji alitoka nje. Nikadhani anatafuta jiwe. Alikuwa analia.

Mama Elifuraha alisogea akachungulia ndani ya tangi. Kisha: "Fundi, nimesikia. Sasa toa hicho kidude chako. Huyo shemeji yangu ndiye atakayeiendesha, na msitu ni uleule."

Hakuniaga.

Jumatano, 22 Juni

Nimetoa boya. Nimetoa na saa ya geji, nikaziba tundu lake kwa bati. Nimenyoosha bonyeo la tangi kwa kuligonga kwa ndani.

Kijiti nimekata kwenye mti wa kahawa, nikakimenya. Alama za Mwalimu sizijui. Alizijua yeye, kwa miaka ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo nimemimina petroli lita moja moja, nimechovya, nimechonga. Lita ya kwanza, ya pili, mpaka shingoni. Kisha nimeitoa yote, lita moja moja tena, nikihakikisha kila alama wakati inashuka.

Kijiti nimekifunga kwa mpira kwenye usukani. Shemeji amekuja saa tisa, ameichukua.

Kazi yote ya kupima, kupanda na kushuka, ambayo siku ile sikuifanya, imechukua nusu saa.