Siku Thelathini na Moja za Sifuri

Kisiwani, 4 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu na shangazi hajambo. Mimi ni mzima, ila sijakauka tangu nishuke botini juzi.

Miaka yote ulipokitaja kisiwa hiki nilikidhani kikubwa. Kumbe ni ukanda wa matumbawe uliojikunja kuzunguka maji ya chumvi, na kutoka bahari ya nje hadi maji ya ndani natembea hatua mia mbili tu. Hakuna kilima wala mto. Mahali pa juu kabisa ni paa la stoo. Mvua inaonekana ikija juu ya maji, nyeupe, na mpishi huanza kuanua nguo kabla mimi sijasikia kitu. Mkate una kuvu, mkanda wangu una kuvu, na sabuni wameiiba kaa. Tuko wawili tu, mimi na mpishi. Msumari uliokuwa ukitundikia koti lako bado upo nyuma ya mlango.

Sikuandikii kwa salamu tu, baba, tusidanganyane. Ofisi imenituma miezi sita kupima mvua na kukagua madaftari ya zamani. Katika lako, la ulipokuwa mpimaji hapa, kwa miaka tisa hukukosa hata siku moja, kila saa tatu asubuhi. Lakini baada ya kifo cha mama kuna sifuri siku thelathini na moja mfululizo, katika majira ambayo hapa hakuna siku isiyonyesha. Hizo ni namba za kutunga. Nikiripoti hivyo, ofisi italifuta daftari lote. Nataka kusikia kutoka kwako kwanza. Boti itarudi baada ya miezi miwili.

Binti yako.

Nyumbani, 20 Mei

Kwa Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ya kwanza kwangu tangu uondoke nyumbani nimeisoma mpaka shangazi yako akaniuliza kama nataka kuila. Sisi hatujambo. Mguu ni uzee tu, usiutie akilini.

Sabuni itundike kwa waya. Kamba wanaikata, hao kaa ni wezi waliobobea. Daftari lifunge kwenye plastiki na ulale nalo. Kipimamvua usikisome umesimama. Piga goti, jicho liwe sawa na maji, hata kama kuna tope. Wengi wanakosea hapo.

Kuhusu zile sifuri, kipimamvua kilipasuka. Andika hivyo, yaishe.

Baba yako.

Kisiwani, 6 Juni

Kwa Baba,

Shikamoo. Habari za mguu? Boti imefika leo, inaondoka kesho kutwa. Sabuni iko kwenye waya, na mpishi anakushukuru, maana ilivyozidi kupotea nilikuwa nimeanza kumshuku yeye. Kesho asubuhi nitapiga goti.

Kipimamvua hakikupasuka. Kiko stoo, kizima, na tarehe za kukikagua, za kabla na baada ya siku hizo, umeziandika ubavuni kwa mkono wako. Nimekuta pia daftari la ujumbe wa redio. Tarehe mbili Juni mwaka ule: "Mkeo mgonjwa sana, njoo." Boti ilikuwa hapa siku hiyo, baba, na iliondoka kesho yake. Safari ni siku tano. Mama alifariki tarehe kumi na mbili.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kila gari liliposimama nje, mama aliniuliza, "Ni yeye?" Nami nilimwambia boti haijafika huko, kwa sababu ndivyo nilivyoamini. Miaka ishirini nimekukasirikia kwa kuja tumekwisha kuzika zamani, ukakaa kimya. Hili la boti sikulijua. Niambie ukweli.

Binti yako.

Hospitali, 25 Julai

Kwa Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Mwandiko huu ni wa muuguzi, mkono wangu umekataa kalamu. Maneno ni yangu. Nimemkataza shangazi yako kukuita kwa redio. Redio naijua.

Boti ilikuwapo. Nahodha alinishika mkono akaniambia, "Panda, bwana." Nikamuuliza, mvua kubwa ndiyo hii, nani atapima? Nilikuwa na miaka tisa bila pengo, na ofisi ilikwisha kunisifu mbele ya watu. Nikajiambia mama yako amewahi kuugua akapona, nitapanda boti ijayo. Pia niliogopa kuingia nyumba yenye mgonjwa. Ndivyo ilivyokuwa, sina la kujitetea.

Habari ya kifo ilipokuja, sikutoka tena nje. Kila saa tatu nilikaa kitandani nikaisikiliza ikipiga mabati, mvua ileile niliyoichagua nikamwacha mama yako, nikaandika sifuri. Sikutaka kuiandikia hata tone moja.

Andika yote. Miaka tisa ikifutwa, ifutwe. Ila wewe maliza miezi yako, usiache pengo kwa ajili yangu. Nimemwambia muuguzi aandike kwamba Oktoba utanikuta. Amenitazama kwanza, kisha ameandika.

Nisamehe.

Baba yako.

Botini, 9 Agosti

Kwa Baba,

Shikamoo. Barua hii nakuletea mwenyewe. Sijui kama utaisoma, utasomewa, au nitakuwa nimechelewa, na naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Bado nina hasira na wewe. Nimelia mpaka mpishi akaacha sufuria ikaungua, akaja kukaa karibu yangu. Lakini ripoti nimeiandika. "Siku thelathini na moja mvua ilinyesha, mpimaji alikuwa amefiwa na mkewe, hakupima. Siku nyingine zote nimezikagua, ni za kweli." Ofisi iamue itakavyo.

Nahodha aliniuliza nani atabaki kupima. Nikamwambia hakuna, mpishi hakufunzwa, na namba zake ofisi haizipokei. Saa tatu asubuhi ya leo nilikuwa nimekaa juu ya begi ufukweni, mvua yote ikiniishia kichwani, nikingoja mashua ya kunipeleka botini. Daftari nilikuwa nimeliacha mezani, kwenye plastiki. Katika mstari wa leo sikuandika sifuri. Nimeandika: "Imenyesha. Haikupimwa. Mpimaji amekwenda kwa baba yake."

Nisubiri.

Chiriku wako.